Muhuri wa Mwalimu Kosaku

Nezugawa, Yamagata
12 Septemba 2017

Mdogo wangu Kosaku,

Joto limeanza kupungua huku na asubuhi mto unatoa ukungu. Mimi mzima, isipokuwa mkono wa kulia. Mwanangu Chigusa na mumewe wako salama kule Hakodate, na mtoto wao ameanza kutembea. Akianguka halii mara moja, anaangalia kwanza nani anamtazama. Hilo karithi kwako. Jumapili mtaa mzima tulipika supu ya majimbi kando ya mto, tukagombana kama kila mwaka kuhusu nyama ya kutia. Kaburi la baba na mama nililisafisha mwezi wa nane, nikawaambia umebanwa na kazi. Hawakushangaa.

Mzee Onuma wa duka la mikeka ameniletea gazeti lenye mahojiano yako. Ukurasa mzima, na picha yako umeshika kidevu kama mtu anayeumwa jino. Umesema sanaa yako yote ilizaliwa katika duka la kinyozi la baba, kwamba ulisimama masaa na masaa ukisikiliza mkasi, na hadi leo ukivuta mstari unausikia. Kosaku, wewe ulikuwa ukiona wembe unazimia. Ulizimia mbele ya mkuu wa posta akiwa na povu uso mzima, baba akakuburuta stoo kwa miguu huku akimwomba mteja radhi. Masaa yako yote uliyamalizia huko stoo, kati ya makasha ya sabuni, unachora nyuma ya kalenda. Aliyekuwa akiusikiliza mkasi ni mimi, maana mimi ndiye niliyeushika.

Lakini sikuandika kwa ajili ya hayo. Nafunga duka mwisho wa mwezi wa tatu. Mkono unatetemeka, na mtu aliyekukabidhi shingo yake huwezi kumwambia avumilie kidogo. Nitahamia kwa Chigusa. Daktari Sugo wa meno, jirani yetu, anakitaka kiwanja apate pa kuegesha magari ya wagonjwa wake. Atanisubiri hadi tarehe 31 Machi. Ikipita hapo atachukua kiwanja kingine, na hapa Nezugawa hakuna mwingine atakayekuja kuuliza.

Nyumba baba alituachia wote wawili, kwa hiyo hati ya kuuza inataka mihuri miwili. Wangu nimeshagonga. Gonga wako, ule uliosajiliwa, si ule wa kupokelea vifurushi, utie na cheti cha ofisi ya mji cha kuuthibitisha, unirudishie. Ni kazi ya dakika tano. Bahasha iko ndani na stempu nimebandika mwenyewe.

Kula vizuri.

Dada yako,
Tokie


Tokyo
3 Novemba 2017

Dada Tokie,

Nasikia miti ya ginko ya barabarani imeshakuwa ya manjano. Mimi sijatoka nje tangu wiki ile nyingine. Pole na mkono. Achari ya figili uliyotuma ilifika, wachoraji wangu wakaimaliza wima, hata sahani hawakutafuta. Mgongo wangu si mbaya. Daktari ameniambia nipunguze sigara, nami nimeyapokea mawazo yake kwa heshima.

Niwie radhi kuchelewa. Filamu imenimeza. Inaitwa *Binti wa Mkasi*, na kama ulivyokwisha kuhisi, duka lile ni duka letu. Nina wachoraji thelathini na mmoja. Sehemu ya kwanza imeshapakwa rangi, ya pili inachorwa, na ya mwisho haipo. Watu hushangaa kusikia kwamba sijui filamu zangu zinaishaje wakati kazi imeshaanza. Ndiyo njia yangu. Nikijua mwisho, mkono wangu unakuwa mtumishi wa serikali.

Kuna unywele mmoja unaoanguka sakafuni. Binti mmoja, Hatsumi, ameuchora kwa wiki saba. Nimemrudishia mara kumi na nne. Nilimwambia, "Hauna majuto huu." Akaniuliza, "Mwalimu, unywele una majuto gani?" Nikamwambia aende akafikirie. Alilia kidogo, kisha akauchora vizuri zaidi. Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi hapa.

Nina ombi. Tafadhali usibadilishe sakafu, hasa pale ilipopasuka karibu na sinki. Nitamtuma Hatsumi aje apime kila kitu na kulinganisha rangi. Unajua mimi rangi sibahatishi. Sijawahi kuweka kwenye filamu rangi ambayo sikuiona kwa macho yangu, hata ya kifuniko cha chupa.

Jihadhari na baridi.

Kosaku


Nezugawa
9 Novemba 2017

Kosaku,

Theluji ya kwanza imegusa vilele vya milima. Nimechuma persimoni, nimemenya mia mbili, zinaning'inia uani zikauke. Chigusa amenitafutia chumba kinachopata jua la asubuhi.

Barua yako ya kurasa sita nimeisoma hadi mwisho nikitafuta neno muhuri. Nimekuta unywele.

Hatsumi wako alifika Jumanne na futi ya kupimia na kadi za rangi mia nne. Alipima sinki, akapima kiti, akanipima na mimi. Nikamwambia, "Mwanangu, hebu kaa hapo nikuoshe nywele, unanuka ofisi." Akakaa kwenye kiti, na kabla maji hayajapata moto alikuwa keshalala. Alilala masaa matatu. Mzee Onuma alikuja kunyolewa nikamrudisha nyumbani. Wewe mwalimu wa majuto, mwache binti wa watu apumzike.

Na huo ukimya wa filamu zako unaosifiwa, ambao profesa mmoja kauandikia kitabu kizima! Nina barua yako ya mwaka 1982, ulipokuwa unatengeneza ile katuni ya roboti ya televisheni. Najua hutaki tuiite katuni. Uliandika hivi: "Dada, michoro imetuishia na kipindi kinarushwa Alhamisi, kwa hiyo roboti atasimama ametazama machweo kwa nusu dakika, Mungu atusaidie." Nusu dakika ileile leo inafundishwa chuo kikuu. Sikutakii ubaya. Ila mimi nilikuwepo.

Karatasi iko wapi?

Tokie


Tokyo
20 Desemba 2017

Dada Tokie,

Mwaka unaisha na sote tunakimbia. Natumaini huparui theluji paani peke yako, mlipe mtu. Wachoraji wawili wana mafua, mmoja ameoa. Nimempa mapumziko ya siku moja na nusu.

Kuhusu ile karatasi. Ipo, nimeiweka mahali pazuri. Tatizo ni hili: filamu ina kamati ya wanaoilipia. Kuna kituo cha televisheni, kuna watengenezaji wa midoli, kuna watu wa soda, na tangu mwezi uliopita kuna ofisi ya mji wa Nezugawa. Unajua vijana siku hizi filamu ikiwaingia wanasafiri kwenda kuona mahali halisi palipochorwa, kama wanaozuru hekalu. Ofisi ya mji inategemea wageni elfu ishirini. Nilipomgusia Bi Aramaki, mtayarishaji wetu, habari ya Daktari Sugo, alishika meza kwa mikono miwili. "Mwalimu," akasema, "unataka mahujaji wafike wakute maegesho ya daktari wa meno? Mwambie dada asubiri. Miaka mitano tu, si mingi."

Mimi nilisema utaelewa. Wewe huwa unaelewa.

Sasa nina jambo kubwa zaidi. Wachoraji thelathini na mmoja wameketi wananitazama. Binti wangu wa filamu anaweza kwenda zake, lakini anabaki, na si kwa sababu ya udhaifu. Watazamaji lazima waione ile dakika anapoamua. Nimechora dakika hiyo mara arobaini, na kila mara anaonekana kama mtu anayesubiri chai. Dada, wewe ulibaki. Uliamua lini? Ulikuwa umesimama wapi, mwanga ulitoka upande gani? Niandikie hata mistari mitatu. Filamu nzima inaning'inia hapo.

Kosaku


Nezugawa
1 Januari 2018
(kadi ya mwaka mpya, mbwa mwekundu amechorwa pembeni)

Heri ya mwaka mpya. Nashukuru kwa ulivyonitunza mwaka uliopita, na mwaka huu tena najiweka chini ya wema wako.

Sugo ameniuliza tena. Miezi mitatu imebaki.

Tokie


Nezugawa
18 Februari 2018

Kosaku,

Theluji imefika dirishani. Mkono unazidi. Mjukuu amesema neno la kwanza, "ngisi", ndiyo Hakodate hiyo, mji wa ngisi. Mzee Onuma ameteguka kiuno, lakini bado anakuja kunyolewa, anasukumwa na mkewe kwenye sleji ya watoto ya kutelezea theluji.

Trela ya filamu yako imetoka, na mahujaji hawakusubiri filamu yenyewe. Wanakuja kwa treni ya saa nne. Ofisi ya mji imeng'oa nguzo yangu ya kinyozi, ile ya milia inayozunguka mlangoni, eti inaziba mandhari, wakasimamisha binti wa karatasi ngumu mwenye macho makubwa kama sahani za supu. Upepo umeshamwangusha mara tatu, na kila akianguka mkurugenzi wa utalii anakuja mbio kumwinua na kunifokea mimi. Kijana mmoja ametoka Osaka, kaketi kwenye kiti, akanionyesha picha: "Bibi, nataka kama yake, na hiki kishungi kisimame." Nikamwambia, "Mjukuu wangu, nywele hii haipo duniani. Huyu kachorwa na mtu asiyejua kunyoa." Akasema, "Lakini Mwalimu alikulia na mkasi!" Nikamnyoa kawaida. Alipojiona kwenye kioo alilia, akasema ni kama filamu kabisa.

Nilikuwa nakuandikia haya kwa kucheka. Sasa sicheki.

Kijana huyo alinionyesha trela kwenye simu yake. Mwisho kabisa, binti anatoa barua nyuma ya makasha ya sabuni. Bahasha ya kijani hafifu, rangi ya chai yetu ya kijani iliyomiminwa mara ya pili, na mti wa msonobari wa dhahabu kwenye pembe. Nilimwomba airudishe. Akairudisha mara sita, mtoto mzuri.

Ile ni bahasha ya kampuni ya mabasi ya watalii ya Sendai, Machi 1974. Nilikuwa nimefaulu mtihani wao wa waongoza wageni. Wasichana mia tatu waliomba, tulichukuliwa tisa, kwa sauti na kwa kumbukumbu. Nilikuwa na miaka ishirini. Sikumwambia baba. Sikumwambia mama, akafa hajui. Marehemu mume wangu sikumwambia, wala Chigusa. Ulipoondoka, niliichoma kwenye jiko la kuchemshia taulo.

Wewe rangi hubahatishi. Hujawahi kuweka kwenye filamu rangi usiyoiona kwa macho yako, umeniandikia mwenyewe.

Kwa hiyo nakuuliza swali moja, na sitaki kurasa sita. Uliiona lini?

Tokie


Tokyo
24 Machi 2018

Dada,

Nimeandika salamu mara tano nikazichana, basi leo hakuna salamu.

Niliiona siku ileile uliyoificha, Jumanne. Uliiweka stoo, dada. Stoo ilikuwa yangu. Ungeficha hata punje moja ya mchele mle ningeiona. Niliisoma, nikairudisha kama ilivyokuwa. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na tiketi ya Tokyo nilikuwa sijakata, nilikuwa naiota tu.

Nilijua utamwambia baba Jumatatu, siku vinyozi wanapofunga. Macho yake yalikuwa yameshaanza kuingia ukungu, sote wawili tulijua. Asingeweza kupoteza watoto wawili. Nikapiga hesabu, anayetangulia anaenda na anayefuata anabaki. Jumapili mchana, duka likiwa limejaa, niliacha kikaratasi kwenye droo ya wembe na kutokea mlango wa nyuma. Ulikuwa unaosha nywele za mtu. Ulinipa mgongo, unaimba ule wimbo wa mtihani wao. Nikapita.

Miaka arobaini na minne nimewaambia waandishi wa habari kwamba niliitwa na sanaa. Sikuitwa na mtu. Nilikimbia kabla yako.

Nimechora mwisho wa kweli. Mdogo wake anaisoma barua, anairudisha, anaenda stesheni. Nilipeleka kwa kamati. Mtu wa midoli akauliza, "Mwalimu, huyu mvulana tutamuuzaje?" Bi Aramaki akasema watazamaji hawatamsamehe, na wanaweza wasinunue soda. Wakapendekeza mvulana aondolewe na badala yake awekwe paka. Paka analalia barua, binti haioni hadi muda umepita, hakuna aliyekosa. Walinipa siku mbili nifikirie.

Dada, nilikubali. Ningeweza kukataa, jina langu lina nguvu kiasi hicho. Nilikubali kwa sababu nilipoona paka nilipumua.

Karatasi imo humu, na muhuri, na cheti. Nilikuwa nao mezani tangu Septemba. Nimetuma kwa posta ya haraka, itafika kabla ya tarehe thelathini na moja. Bi Aramaki hajui, na atakapojua atapiga kelele, na mimi nitasimama hapo nipigiwe.

Sijui niombe msamaha kwa lugha gani. Kama bado unataka kunijibu lile swali la Desemba, sistahili, lakini bado naliuliza.

Kosaku


Hakodate
30 Julai 2018

Mdogo wangu Kosaku,

Huku kuna upepo wa bahari hata kiangazi, nguo zinakauka kwa nusu siku na kubaki na chumvi. Mkono umetulia, labda kwa sababu haushiki tena wembe. Mjukuu anajua maneno kumi na moja. Nimekaa miezi minne bila kukuandikia. Nilitaka wewe nawe uonje kusubiri posta.

Karatasi ilifika tarehe 29 Machi. Daktari Sugo aligonga muhuri wake mezani kwangu, akanipa mswaki wa zawadi. Duka lilivunjwa Mei. Mzee Onuma ananiambia mahujaji bado wanakuja kwa treni ya saa nne, wanapiga picha maegesho, na baadhi wanaona yana huzuni ya kina sana. Mkurugenzi wa utalii ameweka kibao.

Filamu niliiona wiki iliyopita, Chigusa alinikatia tiketi. Ukumbi ulijaa. Paka wako ni mnafiki mkubwa, analala juu ya barua ya mtu huku anakoroma, na watoto wote wanampenda. Mlangoni walikuwa wanamuuza wa kitambaa, Chigusa akataka kumnunulia mtoto. Nikamwambia, "Huyo ndani ya nyumba yangu haingii." Hakuelewa, nami sikumweleza. Unywele wa Hatsumi ulikuwa mzuri. Mwambie nimeuona.

Kisha ikafika ile dakika yako. Binti kasimama dirishani, mwanga unatoka kushoto, maua ya cheri yanaruka, muziki unapanda, anaushika mkasi, anaamua. Watu walilia kila upande. Nilikasirika mpaka masikio yakapata moto, Kosaku. Nimekaa na hasira hiyo wiki nzima, na bado ninayo, usidhani huu ni msamaha. Msamaha ukija nitakuandikia. Lakini swali lako nitalijibu, kwa sababu filamu imeshatoka na huwezi tena kulifanya lolote.

Jumapili ile baba alifungua droo achukue wembe mwingine, akakuta kikaratasi chako. Alikuwa anamnyoa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, ameshamaliza shavu moja. Akasoma, akakunja, akatia mfukoni. Povu likapoa kwenye shavu la pili. Mwalimu akauliza, "Vipi, mbona baridi?" Baba akanipa wembe, akasema, "Tokie, malizia." Nikamalizia. Nyuma yake walikuwa wanasubiri wanne. Wa pili alitaka kunyolewa na kuoshwa. Wa tatu alikuwa na mtoto asiyetulia. Wa mwisho alipoondoka ilikuwa jioni, nikafagia, na nilikuwa nimeshabaki.

Sikuamua kitu. Hapakuwa na mwanga wowote.

Usilichore hilo. Hilo ni langu.

Dada yako,
Tokie